M-Mama: Namba 115 na Gari la Kumfikisha Mjamzito Hospitalini

Huduma nyingi za afya zilizoingia kidijitali nchini Tanzania humtaka mwananchi awe na simu janja, bando na uzoefu wa kujaza fomu. M-Mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, haimtaki lolote kati ya hayo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wake ulipo. Mjamzito aliyepatwa na dharura, mama aliyejifungua karibuni, au mwenye mtoto mchanga anayeumwa, hupiga 115 bila malipo hata kwa kitochi. Mratibu anayepokea simu huuliza dalili, programu iliyo mbele yake humwongoza kupima uzito wa hali na kuchagua kituo cha afya kinachofaa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana humwita dereva jamii, yaani mwenye gari lake binafsi aliyesajiliwa kwa kazi hiyo.

Kilichotatuliwa kwa ustadi zaidi ni nauli. Aliyeishi kijijini anajua jinsi familia inavyozunguka usiku kwa majirani ikikopa fedha za kukodi gari, huku damu ikiendelea kumtoka mama. Hapa familia haidaiwi kitu: dereva akishamfikisha mgonjwa na kituo kikathibitisha, malipo yake huingia kwenye simu. Dereva anayejua kwamba atalipwa akifika hana sababu ya kusitasita saa nane za usiku.

Mfumo huu ulianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Serikali na Vodafone Foundation, taasisi ya hisani ya kampuni ya simu ya Vodafone, wakauzindua kwa ajili ya nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaoihusisha nafuu hiyo yote na M-Mama wanakosea, kwa kuwa wakati huo ilikuwa haijaenea.

Udhaifu wake ni wa mazingira zaidi kuliko wa programu: pasipo na mtandao 115 haipatikani, barabara iliyokatika masika haipitiki, na simu haiongezi damu wala mtaalamu wa usingizi katika hospitali mama anakopelekwa. Hata hivyo naipendekeza bila kusita. Namba hiyo ijulikane kwa mume, mama mkwe na watoto wakubwa pia, maana aliyeshikwa na kifafa cha mimba hawezi kujipigia simu.