Selajinela: uchambuzi wa miche ya kufunika ardhi penye kivuli

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua trei ya selajinela, ambayo kitaalamu huitwa Selaginella kraussiana, mmea wa asili ya Afrika unaotambaa kwenye misitu yenye unyevu na kubaki kijani mwaka mzima. Wengi wetu, kuanzia Kampala hadi Kabale, tunaendelea kugharimia nyasi chini ya mfenesi au mparachichi, mahali pasipofika jua na penye udongo wa asidi, kisha nyasi zinakonda na mvua inaondoka na udongo wa juu.

Tazameni kitawi hiki kwa karibu. Shina ni jembamba kama uzi, na majani yamejipanga kwa safu nne: safu mbili za pembeni zina majani makubwa, na mbili za juu zina majani madogo zaidi. Shina linapogawanyika hushuka kijizizi chembamba kinachotafuta udongo, na ndiyo maana hata kipande kilichokatika huota kikilazwa penye unyevu. Hautoi maua kamwe. Huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo kama vumbi, na kwa vipande hivyo.

Kabla ya kulipa, inueni mche mmoja mhakikishe kwamba mizizi imeshika udongo, kisha mmuulize muuzaji alikootesha. Miche iliyong'olewa msituni, iwe Mabira au Bwindi, msiinunue hata ikiwa rahisi, kwa maana misitu hiyo imehifadhiwa na mmea huu huzalishwa kwa urahisi kitaluni.

Pandeni mvua zinapoanza, Machi au Septemba, kwenye udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Majivu ya jikoni, ambayo tumezoea kuyamwaga bustanini, yawekeni mbali, kwani hupunguza asidi ambayo mmea huu unaipenda, kama ifanyavyo chokaa.

Udhaifu wake ni mkubwa na lazima niuseme. Mizizi iko juujuu, kwa hiyo kiangazi cha Desemba hadi Februari kinahitaji kumwagilia mara kwa mara. Jua kali huukausha, nyayo huuponda, na ufagio wa asubuhi huung'oa, hivyo majani ya mfenesi yaokoteni kwa mkono. Kwa uwanja wanakochezea watoto siupendekezi hata kidogo. Kwa kona yenye kivuli na unyevu, naupendekeza kwa moyo wote, na trei moja iliyogawanywa vipande vidogo inatosha kuanzia.