Mkopo wa haraka kwenye simu, na meseji waliyomtumia mwalimu mkuu

Nianze kwa kuwapa haki yao hawa wakopeshaji wa kwenye simu. Pesa inaingia upesi. Ukishajaza namba ya NIDA na kujipiga picha ya uso, hujamaliza chai yako simu imeshalia. Kwa fundi cherehani ambaye vitambaa vyake viko Kariakoo vinasubiri kulipiwa, na benki inamdai hati ya nyumba asiyokuwa nayo, hilo si jambo dogo. Niliwasifu kwa wenzangu. Mkopo wa kwanza ulikuwa mdogo, nikarejesha. Wa pili nikarejesha kabla ya siku yake. Kila nikimaliza, ujumbe unaingia: "Hongera, kiwango chako kimepanda." Mimi sikuomba kipandishwe, wala hakuna aliyewahi kuniuliza nashona nini, namuuzia nani, nalipwa lini.

Sasa huu wa mwisho, niliouchukua shule zikikaribia kufunguliwa. Skrini iliandika 200,000. Zilizoingia ni 144,000. Zile 56,000 wamezikata mbele, wanaziita ada ya huduma, na makato hayo huyaoni mpaka pesa imeshaingia. Baada ya siku 7 wanataka 200,000 kamili. Pigeni hesabu wenyewe: ni karibu asilimia 39 kwa wiki moja. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa 144,000 ni kama shilingi elfu tano kwa mwezi mzima. Hiyo ada yao ni riba iliyovalishwa kanzu. Si bure watu wakaiita mikopo hii kausha damu.

Lakini hata hilo la makato ningelimeza. Kilichonifanya niandike ni kingine.

Siku ya rejesho ilifika, shule ninayoishonea sare haijanilipa. Nikawapigia mwenyewe kabla hawajanitafuta. Nikaeleza: hela yangu inatoka wiki hii hii, naomba siku chache. Kijana aliyepokea akaniambia, "Sawa mama, tumekusikia." Nikamshukuru. Kesho yake asubuhi napigiwa na mwalimu mkuu wa shule ile ile. Sauti yake imepoa, anatafuta maneno. "Mama, samahani, kuna meseji hapa imenijia, sijui kama nimeielewa." Akanisomea. Inasema mimi ni tapeli, nimekimbia na fedha za kampuni, na kwamba yeye ndiye mdhamini wangu, aniambie nilipe siku hiyo hiyo la sivyo sheria itamfikia na yeye.

Mdhamini! Mwalimu mkuu wa watu, ambaye kosa lake ni kuwa na namba yake kwenye simu yangu. Kufika mchana nikajua wamewatumia wengine wengi: mama mkwe, katibu wa kikoba, hata fundi friji aliyewahi kuja nyumbani zamani.

Nikapiga tena. Nikamwambia, kaka yangu, jana tumeongea tukaelewana, huyu mwalimu anahusikaje? Akanijibu, "Wewe mama usitupotezee muda. Ungekuwa na aibu ungeshalipa." Akakata.

Neno hilo limenikaa moyoni kuliko deni lenyewe. Siku nilipojisajili, kitu pekee walichokishikilia kwa nguvu ni ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yangu. Ukikataa, programu haiendelei. Kipato hawakuuliza kwa sababu hawakukitegemea. Walitaka kujua naheshimiana na nani, ili siku nikichelewa wajue waanzie wapi. Aibu yangu ndiyo dhamana waliyonikopeshea.

Shemeji yangu ananiambia, "Kwani ulishikiwa panga? Mtu mzima akikopa alipe." Namkubalia yote mawili. Sikushikiwa panga, na nimelipa, pamoja na faini yao ya kila siku, mara tu shule iliponilipa. Ila wajibu wa mkopaji ni deni lake. Jina la mwalimu mkuu halikuwa mali yangu hata niliweke rehani. Na mkopeshaji naye ana wajibu. Kwenye kikoba chetu ukitaka mkopo unasimama mbele ya wenzako, unaulizwa unafanyia nini na utarudisha kutoka wapi. Kuna wakati unaambiwa, dada, chukua nusu kwanza tuone. Unaudhika, unanuna, lakini anayekwambia hivyo amekubali kubeba lawama pamoja na wewe. Huyu wa kwenye simu anapandisha kiwango mwenyewe, saa yoyote anayotaka, bila swali hata moja, halafu likitokea la kutokea wajibu wote uwe wangu peke yangu?

Sisemi wote wako hivyo. Wapo wenye leseni wanaoendesha kazi yao kistaarabu, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali, kwa hiyo angalieni kabla ya kupakua. Nilikusudia kumalizia hapo na kuwapa alama za kati, kwa ajili ya ule upesi wao.

Hapana, siwapi. Nikiikumbuka sauti ya yule mwalimu naona nawabembeleza bure. Upesi wenyewe niliousifu hapo juu ulitokana na kutouliza. Wenzetu Kenya wana kanuni tangu 2022 zinazomkataza mkopeshaji wa mtandaoni kutumia majina ya simu ya mteja kuwasumbua watu wake, na mwaka 2023 kampuni moja ya mikopo ilipigwa faini ya karibu shilingi milioni 3 za kule kwa mchezo huu huu. Na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake ipo. Nimeshaipelekea Tume malalamiko na picha za meseji zote nilizoweza kukusanya, na yeyote aliyetumiwa uchafu huu asizifute.

Mwalimu mkuu alinilipa changu chote, kwa heshima. Oda ya muhula uliofuata ameipeleka kwa fundi mwingine. Hakusema sababu, nami sikumuuliza.

Sitaki punguzo lao, wala ule mkopo mpya waliojitia kunitangazia wiki hiyo hiyo niliyomaliza deni. Nataka waandike meseji nyingine kwa watu wale wale, mmoja mmoja, mwalimu mkuu awe wa kwanza, waseme kwamba sikukimbia na fedha ya mtu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunidhamini.