Friji ya trela: kabla ya kuuliza lita, shika plagi

Kilo tatu za nyama ya mbuzi, maziwa na siagi yote tuliyobeba tulivifukia Engare Sero, mbali na hema, na mama mkwe anatazama.

Tulikuwa tumetoka Arusha alfajiri na trela letu la kwanza, la mkononi lakini letu. Lami tuliiacha Mto wa Mbu tukashika njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron. Wanaoijua njia ile wanajua: imejikunja kama bati, mpaka vijiko vilivyofungiwa kwenye droo unavikuta sakafuni. Jioni nafungua friji, joto na harufu vikanipokea. Plagi ilikuwa imechomoka nusu ukucha. Nusu ukucha! Ukiitazama kwa juu juu ungeapa kwamba imechomekwa.

Kwa hiyo hapa hutanisikia nikizungumzia rangi, magurudumu wala inaingiza soda ngapi. Hayo muuzaji atakumwagia bila kuulizwa. Mimi nakagua plagi na waya.

Ile plagi nene ya pale pa kuwashia sigara haikubuniwa kwa ajili ya friji. Inashikiliwa na vibati viwili vya pembeni, na kwenye ncha ina springi ambayo muda wote inaisukuma itoke. Mtikisiko wa saa tatu unamalizia kazi. Waya nao ni balaa lake. Kutoka kwenye betri ya gari hadi kwenye trela ni kama mita 7, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu 14. Ukitumia waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, friji ikivuta ampea 5 unapoteza karibu volti 0.8 njiani. Betri ina volti 12.2, friji inaona 11.4, inadhani betri imekwisha, inajizima. Wewe unalaumu betri, unanunua mpya, na tatizo liko palepale. Ukiweka waya wa milimita za mraba 6 unapoteza volti 0.2 tu. Mwambie fundi umeme wa magari akuvutie huo, aweke fyuzi karibu na betri, na mwishoni afunge plagi ya Anderson, ile nene ambayo vipande vyake viwili vinaumana. Mafundi wa magari ya safari wanaifahamu, na ikishaingia haichomoki kwa mtikisiko.

Sasa friji zenyewe.

Ya kwanza ni Engel, na sijifichi, naipendelea. Mashine yake ni ya kampuni ya Sawafuji ya Japani, na haina mzunguko wa mota ya kawaida: kipande kimoja tu kinakwenda mbele na nyuma, basi. Kuna kidogo sana cha kuharibika. Yangu ya sasa ni modeli ya MT45, bati gumu, na haina kioo cha kuonyesha nyuzi joto. Ina kitufe cha kuzungusha chenye namba, na nimezoea: mbili ni maziwa, nne ni barafu. Ni nzito, na bei inauma.

Ya pili ARB ya Australia. Wenyewe wanauza soketi yenye nyuzi kama za parafujo. Plagi unaichomeka kisha unaizungusha kama kifuniko cha chupa. Mtu aliyebuni kitu hicho amewahi kumwaga maziwa jangwani. Soketi hiyo inauzwa peke yake, usisahau kuiulizia.

Ya tatu Dometic, zamani nyingi zilikuja na jina la Waeco. Inapoza vizuri mno. Ina kinga ya betri ya ngazi tatu, na hapo ndipo watu wanaponaswa: ukiiacha kwenye ngazi ya juu inakata volti zikifika 11.8, kwa hiyo ukiwa na waya mwembamba itazima kila mara. Ishushe. Ile ya kuiangalia kwa simu sijui ni ya nini, friji iko hatua tano kutoka kitandani.

Trela za zamani huja na friji ya gesi. Lazima isimame sawasawa, na sijawahi kupata uwanja ulionyooka Natron.

Za bei rahisi? Sanduku za kupoza zisizo na kompresa hushusha kama nyuzi 20 tu chini ya joto la nje. Nje 38, ndani 18. Hiyo ni kabati.

Na wauzaji. Yule aliyeniuzia friji yangu ya kwanza, ile ya Engare Sero, aliijaribu kwa umeme wa ukutani, ikagandisha kwa dakika kumi, sote tukashangilia. Niliporudi akaniambia, "Dada, hiyo ni barabara, siyo friji." Nikamwomba anionyeshe inavyofanya kazi kwa betri, dukani hakuwa na betri hata moja. Na bei! Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, sasa anakunong'oneza dola kisha anaandika shilingi kwenye kikokotoo, kwa kiwango anachokijua mwenyewe. Dola ikipanda, bei inapanda siku hiyohiyo. Ikishuka, anakwambia huo ni mzigo wa zamani.

Ile friji ya kwanza iko stoo. Nimeijaza mkaa.