Miaka tisa ya Capri: tathmini ya gereji moja katika Eneo la Viwanda, Nairobi

Ford Capri yangu, aina ya 3000 GT ya mwaka 1971, iliingia katika gereji hii mwezi wa Machi 2015 ikiwa juu ya lori, na ikatoka kwa magurudumu yake mwezi wa Novemba 2024. Nilikuwa nimeahidiwa miaka miwili. Ninaanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo atakayoiuliza kwanza mtu yeyote mwenye gari la zamani, na kwa sababu sehemu ya ucheleweshaji huo, kama nitakavyoeleza, niliitaka mwenyewe.

Gereji iko nyuma ya Barabara ya Enterprise, chini ya mabati, na haina hata kibao. Fundi mkuu aliniomba nisitaje jina lake wala la gereji kwa kuwa hana nafasi ya magari zaidi, nami nimelikubali ombi lake.

Kwa wasiolifahamu gari lenyewe, Ford waliitoa Capri mwaka 1969 kwa soko la Ulaya wakiwa na Mustang ya Marekani akilini: boneti ndefu, mkia mfupi, na injini kubwa kwa yule aliyeweza kuilipia. Yangu ina injini ya V6, yaani ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, iitwayo Essex, yenye sentimita za ujazo 2,994. Ningependa Mustang, sikatai, lakini Mustang za enzi hizo zina usukani wa kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu gari la kawaida la namna hiyo kusajiliwa, wala kuingiza gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe. Kwa hiyo anayetaka gari la misuli, yaani la zamani lenye injini kubwa kama hayo, hapa Nairobi hulitafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwamo nchini, na mengi ya hayo yamelala chini ya miembe yakiota kutu.

Kazi ya bodi ndiyo inayoifanya gereji hii istahili kuandikiwa. Siku ya kwanza fundi alitoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha taratibu kwenye ubavu wa gari. Ilishika mlangoni, ikashika juu ya gurudumu, kisha ilipofika karibu na taa ya mbele ikaanguka sakafuni. Aliiokota, akairudisha palepale, ikaanguka tena. Chini ya rangi hapakuwa na bati, palikuwa na fila, ule uji mgumu wa kuzibia mashimo ya bodi, iliyoshindiliwa na mtu aliyenitangulia kulimiliki gari. "Mzee," akaniambia, "mimi naweza kukuongezea fila nyingine na kesho ukaenda nalo nyumbani, lakini mvua ya Aprili itakuja kukuuliza." Tulikwangua bodi yote hadi chuma kikaonekana. Sehemu zinazoshikilia vichwa vya shokabsoba za mbele, ambazo ni ugonjwa unaojulikana wa Capri, zilikuwa zimeliwa kiasi cha kupenya kidole. Hakuweka viraka; alikata hadi kwenye bati zima, akakunja bati jipya kwa mkono akilipima kwa kipande cha boksi, ndipo akachomelea. Nililipa shilingi 380,000 kwa bodi na rangi, na hadi leo sijaona hata lengelenge moja.

Jambo jingine lililonifurahisha ni makopo. Kila boliti iliyofunguliwa iliwekwa katika kopo tupu la mafuta ya kupikia ya Kasuku lililoandikwa kwa kalamu nzito ilikotoka, na miaka tisa baadaye kopo la bawaba za mlango wa kulia bado lilikuwa na boliti zake zote. Nimepeleka magari kwingineko yakarudi yakiwa na misumari mahali pa skrubu, kwa hiyo naomba nisionekane mwepesi wa kusifu.

Injini ilifunguliwa mwaka 2018. Essex ina udhaifu mmoja mkubwa: gia inayozungusha kemshafti, mhimili unaofungua valvu, ilitengenezwa kwa nyuzi zilizogandishwa badala ya chuma ili isipige kelele, na ikizeeka meno yake hukatika bila kutoa taarifa. Fundi alilikwaruza jino moja la gia yangu kwa ukucha, likamomonyoka kama mti ulioliwa na dumuzi. Tuliagiza ya chuma kutoka Uingereza. Sasa injini inavuma kidogo ikiwa imetulia, na huo mvumo naupokea kwa moyo mkunjufu. Alibadilisha pia viti vya valvu akaweka vigumu zaidi, kwa sababu vile vya zamani vilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa katika petroli, na petroli hiyo haiuzwi tena nchini tangu 2006.

Halafu kuna suala la hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya nchi tambarare humwaga petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchomeka. Plagi zilitoka nyeusi kwa masizi. Mara tatu tulikwenda Barabara ya Ngong na kurudi, akifungua plagi kando ya njia na kuzisoma rangi, akipunguza jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta, kila mara, hadi zikawa na rangi ya biskuti. Jeti za awali amenifungia katika kifuko, nizirudishe iwapo nitateremka nalo Mombasa.

Ucheleweshaji nilioutaka ni huu: mwaka 2019 niliamua kwamba nahitaji V8, yaani injini ya silinda nane, kwa kuwa Basil Green, mjenzi wa magari wa Afrika Kusini, aliwahi kutia moja ya lita tano ndani ya Capri na kuiita Perana. Fundi hakubisha. Alinipa orodha ya vitu vitakavyolazimika kubadilishwa ili gari hilo lisimame salama, kuanzia breki hadi ekseli ya nyuma, akasema nirudi nikiwa nimezisoma bei zake. Nilichukua miezi kumi na minne kukubali kwamba alikuwa amesema kweli. Badala yake tuliweka diski kubwa za breki mbele, redieta ya alumini, na giaboksi ya Ford ya gia tano, ya aina waliyoitia wenyewe katika Capri za baadaye. Juzi niliteremka Mai Mahiu nyuma ya malori kwa nusu saa, na pedali ya breki haikulegea.

Lawama zangu ni mbili. Kwanza ni umeme, ambao gereji humpa fundi wa nje. Wiki ya pili baada ya kulichukua gari nilisikia harufu ya plastiki inayoungua nikiwa kwenye Barabara ya Uhuru. Waya wa feni ulikuwa umeunganishwa bila fyuzi. Ulirekebishwa bila malipo, lakini kosa hilo lingeweza kuniachia mifupa ya gari. Pili ni hesabu. Makadirio huandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, na hupanda dola inapopanda bila kushuka inaposhuka. Nilianza kudai karatasi yenye tarehe na sahihi mwaka 2020, na ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuhusu hati, walinikumbusha kwamba rangi ikibadilika, nami nilitoka nyeupe hadi chungwa, ni lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, waarifiwe, na wakalipeleka gari wenyewe kukaguliwa Barabara ya Likoni.

Ukienda huko, nenda na fundi wako wa umeme. Pembeni gari langu lilipokaa kwa miaka tisa sasa kuna Peugeot 404 isiyo na milango, na nilipopita wiki jana makopo yake yalikuwa yamefika ishirini na tatu.