Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa vitambaa vya shuka badala ya tishu

Ninaishi Uyole, jijini Mbeya, katika nyumba ya watu sita, na kwa miaka mingi sikuwahi kuiwekea tishu hesabu yoyote, kwa kuwa nilikuwa nikiagiza roli mojamoja dukani kama ninavyoagiza kiberiti au chumvi. Juni mwaka jana, baridi ilipokaza na watoto watatu wakapata mafua kwa pamoja, tulimaliza roli tisa ndani ya wiki moja, na nyingi hazikufika chooni kabisa: zilifuta pua, meza, mikono yenye mafuta ya maandazi na uji uliomwagika sakafuni. Niliumia kuona fedha ya mboga ikiishia kwenye shimo la taka.

Nikaenda soko la Mwanjelwa kununua shuka la mtumba kwa shilingi 4,000, na hapo nikakosea. Shuka lilikuwa laini na lenye kung'aa, lakini nilipofutia meza, maji yalihamishwa tu kutoka upande huu kwenda ule. Fundi cherehani niliyempelekea alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti, ukayeyuka na kuganda kama punje ngumu nyeusi. "Hii ni poliesta, mama," akaniambia. "Pamba huungua kama karatasi, ikabaki majivu ya kupukutika." Nilirudi sokoni na kutafuta shuka la pamba tupu, lililochakaa kidogo, la bei ileile, lenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.4. Fundi alilikata vipande 48 vya sentimita 30 kila upande na kuvikunja pindo kwa shilingi 6,000.

Vinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kitambaa kimoja kinakausha meza nzima baada ya chakula, jambo ambalo tishu haikuweza bila kulowa na kuacha nyuzinyuzi. Vya jikoni navikusanya kwenye ndoo yenye mfuniko, vya mafua kwenye ndoo yake, na hivi vya pili huvichemsha kabla ya kuvianika juani. Dawa ya kulainisha nguo situmii kabisa, maana inavifanya visinywe maji. Kero yake kubwa ni mvua: kuanzia Novemba hadi Aprili kitambaa hukaa kambani siku mbili kikiwa bado na unyevu, na kikikunjwa hivyo hunuka uvundo, hivyo miezi hiyo navifua vichache kila siku na kuvimalizia kwa pasi.

Chooni tumebaki na karatasi, na vilevile situmii kitambaa kufuta damu ya kuku mbichi. Kwa matumizi hayo nimejifunza kununua tishu kwa uzito. Nilimwomba mwenye duka aweke kwenye mizani pakiti mbili za roli 10 zilizouzwa bei moja, na moja ilikuwa nyepesi waziwazi. Roli zake zilikuwa na bomba pana la boksi katikati na zimeviringwa kwa kulegea, kiasi kwamba ukizibonyeza zinabonyea mpaka ndani. Muuzaji mwenyewe alishangaa.

Zamani tulikuwa tukitumia roli kama 20 kwa mwezi, na sasa ni 11. Kwa shilingi 500 kila roli, nabakiwa na shilingi 4,500, ambazo zilirudisha gharama yote, pamoja na ya shuka nililokosea, katika mwezi wa nne tangu tuanze kuvitumia. Sabuni imeongezeka, ila si kwa kiasi cha kufuta faida hiyo. Vitambaa vitano vimechanika na vingine viwili vimepotelea shuleni. Nimeshampelekea fundi shuka jingine la pamba, safari hii alikate vipande vya ukubwa wa kiganja, kwa sababu vile vya sentimita 30 havikai vizuri kwenye mfuko wa sketi ya shule.