Siku tatu Limuru: uzoefu wangu wa mafungo ya wanafunzi wapya na wanaohamia

Majuma kadhaa yamepita tangu turudi kutoka Limuru, nje kidogo ya Nairobi, ambako chuo chetu kilitupeleka kwa mafungo, yaani siku tatu za kuwakaribisha wanafunzi, na hasira yangu bado haijapoa. Hata hivyo, ninamwomba yeyote anayefikiria kulipia mafungo ya namna hii asiishie aya ya kwanza, kwa sababu tangu nianze kuyatafakari nimeshabadilisha msimamo wangu zaidi ya mara moja. Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko hapa Nairobi, na bado ninasoma humo.

Mimi si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilisoma miaka miwili katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Kenya, nikisomea ualimu, kisha mambo ya nyumbani yakanilazimu kuhamia jijini. Tangazo la mafungo lilisema waziwazi kwamba ni ya "wanafunzi wapya na wanaohamia", na neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilipe shilingi 7,500, ambazo mama alizikopa katika chama chake akijua kwamba atazirudisha kwa jasho. Tangazo liliahidi pia kwamba Jumamosi alasiri afisa kutoka ofisi ya msajili angekaa nasi, apitie matokeo ya kila mmoja wetu, na atueleze ni masomo gani chuo kingeyatambua. Aliyewahi kuhama chuo anajua kwamba hakuna swali linalomnyima usingizi kuliko hilo. Nilikuwa na masomo 14 niliyokwisha kuyafaulu, na yakikataliwa, ningerudia mwaka mzima kwa karo ambayo nyumbani kwetu haipo. Kwa hiyo nilibeba nakala ya matokeo yangu ndani ya bahasha ya kaki, nikaiweka kati ya nguo mbili mkobani ili isikunjike.

Mabasi yalitupitisha Ruaka na Banana, na tulipofika kwenye mashamba ya chai ukungu ulikuwa umetanda hata mistari ya michai haikuonekana vizuri. Kituo tulichofikia ni kizuri, sina neno juu yake. Mabweni ni safi, blanketi ni nzito, na chakula kilitosha. Kwenye lango walitundika kitambaa kilichoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone".

Chini ya kitambaa hicho ndipo nilipovunjwa moyo. Kulikuwa na meza ndefu yenye kadi za majina, kila kadi ikiwa na utepe wa rangi ya kundi la mwanafunzi: kijani, buluu, manjano au nyekundu. Mratibu wa mafungo, mtu mzima niliyemwamkia kwa heshima, alipitisha kidole kwenye orodha yake mara mbili.

"Jina lako halimo," akasema. "Uko mwaka gani?"

"Mwaka wa tatu, mwalimu. Nimehamia muhula huu."

"Basi wewe si mpya. Simama kando kwanza, tuwahudumie wanafunzi wapya."

Nilimwonyesha ujumbe wa M-Pesa wa malipo yangu. Hakuutazama. Nikasimama kando na mkoba wangu kwa muda usiopungua nusu saa, huku foleni ikipita mbele yangu na wadogo zangu wa miaka kumi na minane wakinitazama kama mtu aliyekamatwa akiingia bila kulipa. Hatimaye msaidizi wake akachukua kadi kuukuu, iliyobaki labda kutoka mafungo ya mwaka uliotangulia, akaigeuza, akaandika jina langu upande wa nyuma kwa biro iliyokuwa ikikaribia kuisha wino. Haikuwa na utepe wa rangi yoyote, ila kamba nyeupe. Upande wa mbele ulibaki na jina la mtu mwingine. Limuru kuna upepo, na kadi hiyo iligeuka siku zote tatu, hata kufikia chakula cha usiku watu wanne walikuwa wameniita kwa jina la mwanafunzi nisiyemjua. Wa kwanza na wa pili niliwasahihisha. Waliofuata niliwaitikia tu, na kuitikia huko kuliniuma kuliko yale maneno ya mratibu.

Huenda mtu akasema ninalia kwa sababu ya kadi. Ninachosema ni kwamba mafungo ya kuwakaribisha watu yana kazi moja, nayo ni kumfanya mgeni ajione ana mahali pake, na kazi hiyo ilishindikana mezani kabla hatujaingia ndani. Katika darasa la misingi ya elimu tulisoma kwamba mtafiti wa Marekani, John Hills, aliueleza mwaka 1965 ule mporomoko wa alama unaowapata wengi katika muhula wa kwanza baada ya kuhama, akauita kwa maneno ambayo mimi ninayatafsiri kuwa mshtuko wa uhamisho. Vincent Tinto naye, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wanaoacha chuo, alishikilia kwamba mwanafunzi hubaki au huondoka kwa kadiri anavyofungamana na watu wa pale na masomo ya pale. Niliyasoma hayo nikiwa chuo changu cha kwanza, nikayajibu vizuri kwenye mtihani, wala sikudhani kwamba siku moja ningeyapata mwilini mwangu nikiwa nimesimama kando ya meza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana wenzake wengi wasiojua choo kilipo, na upya wao unawaunganisha. Anayehamia huwakuta wenzake wa mwaka wa tatu wameshapata marafiki, wameshagawana vikundi vya kusomea, wameshamjua mhadhiri yupi anasikiliza na yupi hasikilizi. Yeye ni mgeni miongoni mwa wenyeji, na kwa wageni wenzake anahesabiwa mwenyeji. Tulikuwa sita wa namna hiyo kati ya umati uliojaza mabasi manne.

Ijumaa yote ilikuwa michezo. Kubeba yai kwenye kijiko, kuvuta kamba, kuangukia mikono ya wenzako ukiwa umefumba macho. Kwa kuwa hatukuwa na rangi, tulielekezwa kwenye viti vya nyuma ili "tusaidie kushangilia".

Niliyavumilia hayo kwa sababu ya Jumamosi. Saa nane kamili sisi sita tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki katika chumba kidogo nyuma ya kanisa la kituo, kila mmoja na karatasi zake mapajani. Mmoja alikuwa na stashahada kutoka chuo cha ufundi cha Kisumu, naye alitumaini kusamehewa masomo ya mwaka wa kwanza. Mwingine alikuwa baba wa watoto wawili aliyerudi masomoni baada ya kukatiza. Saa tisa ikafika. Saa tisa na nusu nikatoka kumtafuta mratibu, nikamkuta akipigwa picha na kundi la buluu.

"Afisa hakupata nafasi ya kuja," akasema, macho yakiwa bado kwenye kamera. "Andikeni baruapepe."

Nikamuuliza alijua lini. Akasema alijua tangu Alhamisi.

Alhamisi! Siku moja kabla ya mabasi kuondoka, wakati bado ningeweza kudai pesa za mama yangu zirudishwe. Nilirudi chumbani nikawaeleza wenzangu, na sauti yangu ilikuwa ikitetemeka. Kama ningeandika maoni haya jioni ile, yangekuwa sentensi moja tu: usilipe.

Lakini hatukwenda kushangilia. Yule dada wa Kisumu alisema, "Kwani sisi hatujui kusoma? Leteni hizo karatasi." Chumba kilikuwa baridi, kwa hiyo tukahamia jikoni, ambako mpishi, mama wa makamo aliyekuwa akikoroga githeri kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, alitutazama tukisogeza mabenchi karibu na meko. "Kaeni, wanangu. Huko nje mtaganda," akasema, akatumiminia chai ya maziwa kabla hatujaomba. Hakuuliza jina la mtu yeyote, wala hakuitazama kadi yangu.

Hapo jikoni tulifanya kazi ambayo afisa angeifanya. Dada wa Kisumu alikuwa ameshahangaika ofisini kwa karibu muhula mzima, na alijua mambo ambayo hayajaandikwa kwenye tangazo lolote: kwamba nakala ya matokeo peke yake haitoshi, lazima uwe na maelezo ya kila somo kutoka chuo ulikotoka, yaani mada zilizofundishwa na saa zake, kwamba anayelinganisha somo na somo ni idara husika, na ofisi ya msajili hupokea tu uamuzi wake, kwamba somo lenye jina tofauti linaweza kutambuliwa ukionyesha kwamba mada ni zilezile. Tulipitia somo baada ya somo, biro mkononi, tukiandika pembeni. Langu la saikolojia ya elimu lilikuwa na jina tofauti kabisa na la hapa, na ningalikuwa peke yangu ningalikubali lipotee. Baba yule wa watoto wawili alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba tangu afike Nairobi hajawahi kuketi na mwanafunzi mwenzake kwa zaidi ya dakika tano. Aliyasema akiangalia moto. Tulikaa mpaka githeri ikapakuliwa, na sisi tukasaidia kubeba sahani.

Usiku huo pia kulikuwa na jambo ambalo haki inanitaka nilisifu. Wanafunzi watatu wa mwaka wa nne walisimama ukumbini wakaeleza, bila kujipamba, jinsi walivyoingia chuoni wakidhani kwamba kila mtu anajua isipokuwa wao. Mmoja alisema alikula peke yake chooni kwa majuma mawili ili asionekane hana wa kula naye. Ukumbi wote ulitulia. Nilikumbuka jaribio la watafiti wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, lililochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science, ambapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma ushuhuda wa namna hiyo kutoka kwa waliowatangulia, kisha wakaandika jinsi unavyofanana na maisha yao. Zoezi zima lilichukua kama saa moja, na miongoni mwa wanafunzi weusi alama zilipanda hata miaka mitatu baadaye. Nililala nikiwa nimetulia moyo kwa mara ya kwanza tangu nihame. Nikasema basi, labda mafungo haya yana thamani, na hasira yangu ni ya kadi tu.

Jumatatu iliyofuata sisi sita tulikwenda pamoja kwenye idara zetu, tukingojeana milangoni. Baada ya majuma machache masomo yangu 11 kati ya 14 yalitambuliwa, likiwamo lile la saikolojia. Mama nilimpigia simu nikiwa ngazini, akapiga kigelegele mpaka jirani akatoka kuuliza kulikoni.

Kwa hiyo je, ninayapendekeza? Kwa majuma mawili nilikuwa nikimwambia kila mtu ndiyo. Nilisema shilingi 7,500 si kitu mbele ya watu watano ambao leo hii nikiugua watajua. Ila kila ninapoendelea kufikiri, hasira inarudi. Watu hao sikupewa na mratibu. Alituweka nyuma, akatuficha habari za afisa, na tukakutana kwa sababu sote tulikuwa tumetupwa mahali pamoja. Saa moja ya ushuhuda wa wanafunzi wa mwaka wa nne ingeweza kufanyika katika ukumbi wa chuo, jioni, bila basi, bila ada. Saa mbili za jikoni zingeweza kufanyika kwenye chumba chochote chenye meza, kama chuo kingekuwa na nia ya kuwakusanya wanaohamia. Vyuo vya Marekani kama Dartmouth vimekuwa vikiwapeleka wanafunzi wapya milimani tangu mwaka 1935, na sibezi milima. Nilifurahi kuziona zile chai asubuhi ukungu ulipoinuka. Lakini mlima haumsomei mtu nakala ya matokeo.

Hata hivyo siwezi kusema uongo: kama nisingepanda basi lile, nisingemjua dada wa Kisumu, na leo ningekuwa ninarudia masomo ya mwaka wa pili. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba ninayapa nyota moja. Nimeifuta nikaandika tatu, kisha nikaikumbuka ile Alhamisi nikaandika mbili. Zibaki mbili, na zote ni za jikoni.

Ukitaka kwenda, piga simu kabla ya kulipa, uulize kama jina lako litakuwa kwenye orodha, uko kundi gani, na ni nani hasa atakuja kutoka ofisi ya msajili. Wakijibu kwa kusitasita, subiri. Ukiamua kwenda vivyo hivyo, beba maelezo ya kila somo pamoja na nakala ya matokeo, na ukifika watafute wenye kamba nyeupe mapema, Ijumaa ileile, usingoje Jumamosi kama nilivyongoja mimi.

Juzi wametutumia fomu ya tathmini. Swali la kwanza linataka nichague rangi ya kundi langu, na fomu haikubali kuendelea bila jibu. Nimemwandikia mkuu wa wanafunzi barua badala yake, yenye sahihi zetu sita, tukiomba wanaohamia muhula ujao wapewe jioni moja chuoni pamoja na watu wa idara zao. Bado hajajibu.