TAHADHARI: Muuza themokapo anayepima kwa kiberiti

Wakuu, kuna jamaa anauza themokapo "orijino", kile kifaa cha vyombo vya gesi kinachotoa umeme kidogo kikipashwa na pailoti (ule moto mdogo wa kuwashia), ili valvu ya gesi ibaki wazi. Bado yuko kazini, na ujanja wake ni huu. Anaweka mita kwenye milivolti, waya mmoja kwenye kile kitone cha katikati kinachoingia kwenye valvu, mwingine kwenye bomba la shaba. Anawasha kiberiti cha gesi chini ya ncha. Namba inapanda mbele ya macho yako: 8, 15, 24, 31. "Umeona mwenyewe, mita haina undugu."

Nani asingetoa hela? Themokapo nzima ikipata moto mzuri hutoa kweli milivolti 25 hadi 35. Hata fundi mzoefu anaingia kingi hapo.

Sasa wizi wenyewe. Mita karibu haivuti umeme, hivyo hata kiungo kilichooza kinaonyesha namba nzuri. Sumaku inayoshikilia valvu ibaki wazi inataka mkondo, na koili yake ina ukinzani chini ya sehemu ya kumi ya omu. Lehemu mbovu kidogo tu kwenye kile kitone, mkondo umekufa. Unaifunga kwenye valvu, unabonyeza nobu sekunde 30, unaongeza hadi 60, pailoti inawaka bluu safi. Ukiachia, tik! Imezima. Ukimrudia anakwambia valvu ndiyo imekufa, na kumbe anayo ya kukuuzia. Mwizi mkubwa! Huyu si wa kuonywa, ni wa kufikishwa polisi na mzigo wake wote, maana vingi ni vikuukuu vilivyosuguliwa msasa vikang'aa.

Ila msimbebeshe na yasiyo yake. Moto ukiwa wa njano na unalegea, pailoti yako imezibwa na uchafu, si themokapo. Moto ufunike milimita 10 hadi 12 za juu za ncha ya themokapo. Nati kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha unaponda kihami (kizuia umeme) cha kitone.

Akikupimia kwa kiberiti, mwambie aifunge kwenye valvu nzima, awashe, aachie nobu. Akianza porojo, ondoka. Lehemu mpya juu ya bomba lililokunjwa-kunjwa, ondoka pia. Na akikushauri ufunge nobu kwa waya ibaki imebonyezwa, huyo anataka kuua watu: pailoti ikizimika, gesi inaendelea kutoka na hakuna cha kuizuia. Afungwe yeye!